Kumi na Mbili, Jirani Yake Moja

Kumi na mbili, jirani yake moja. Ndivyo alivyosema fundi wa maabara asubuhi ya leo alipowakuta mmeinamia vikokotoo vyenu, mnatikisiana vichwa kukubali jibu ambalo hata mmoja wenu hakulielewa. Mkacheka. Mmoja wenu akasema mzee amechanganyikiwa, kwani majirani wa kumi na mbili ni kumi na moja na kumi na tatu, hata mtoto wa chekechea anajua. Haya, chekeni mmalize, kisha mvute viti. Methali haiokotwi njiani. Hii ilizaliwa hapa hapa chuoni Lugeme, ndani ya chumba cha idara ya takwimu, mwaka ambao wazazi wenu bado walikuwa wanavaa sare za shule.

Palikuwa na msichana wa mwaka wa pili, jina lake Nyamizi, kutoka vijiji vya Sikonge. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa na tabia moja tu iliyomtofautisha na wengine: hakuandika kitu asichokiamini. Ukimwambia "wewe andika tu, tuendelee", anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Muhula ule somo la takwimu lilimshika, akalazimika kurudia mtihani. Sapu, kama mnavyoiita mpaka leo. Na sapu ndiyo ilikuwa ngazi ya mwisho. Ukianguka hapo unadisko, unafunga sanduku na kurudi kwenu, na miaka yako miwili imekwenda na maji. Waliorudia walikuwa kumi na tisa. Alama ya kupita ilikuwa arobaini. Matokeo yalipobandikwa, kumi na wanane walikuwa wamepita, na Nyamizi alikuwa na thelathini na nne.

Alipopewa karatasi yake akafungua swali la tatu, lenye alama kumi. Palikuwa na sifuri ya wino mwekundu, kubwa kama kitumbua.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Mlinzi wa pampu ya maji kijijini aliandika, kwa siku kumi, saa ambayo mtu wa kwanza alifika asubuhi kuchota maji. Aliandika: 11, 12, 12, 1, 1, 12, 2, 11, 12, 1. Tafuta wastani, kisha ushauri pampu ifunguliwe saa ngapi.

Wale kumi na wanane walifanya kama walivyofundishwa. Jumlisha, unapata sabini na tano. Gawa kwa kumi, unapata saba na nusu. Wakashauri pampu ifunguliwe saa saba na nusu. Mwongozo wa kusahihishia ulisema saba na nusu, kwa hiyo kila mmoja akajizolea alama zake kumi.

Nyamizi aliandika saa kumi na mbili na dakika kumi na nane.

Hakubahatisha. Alizitazama zile namba akazifahamu mara moja, maana alikulia kwenye foleni ya ndoo. Saa kumi na moja alfajiri unaamshwa kwa kuvutwa shuka. Saa kumi na mbili ndoo zimeshajipanga. Saa moja jua limetoka na waliochelewa wanaanza kugombana. Saa mbili ni ya wavivu, na wavivu wanajulikana kwa majina. Asubuhi zote kumi zilikuwa zimebanana ndani ya muda wa saa tatu. Saa saba na nusu ni jua la utosi, pale pampuni hakuna hata mbwa. Sasa watu walioamka alfajiri, wastani wao utakuwaje mchana?

Kwa hiyo aliifanya saa moja kuwa kumi na tatu, kwa kuwa inaifuata kumi na mbili, na saa mbili akaifanya kumi na nne. Jumla ikawa mia moja ishirini na tatu. Gawa kwa kumi, ni kumi na mbili nukta tatu. Hiyo nukta tatu ya saa ni dakika kumi na nane. Kazi yote aliionyesha, mstari kwa mstari.

Akaichukua karatasi akaenda kwa Dakta Mwaisaka, mwalimu wa somo.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Umefuata alama?"

"Nimefuata swali la tatu."

Dakta aliipokea karatasi, akaipitia haraka. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa amesoma sana na mbali sana, na zile namba alizipokea zikiwa zimeshachapwa, akaziingiza kwenye kompyuta yake, kompyuta ikasema saba na nusu. Tangu hapo hakumuuliza mtu mwingine.

"Hii kumi na tatu umeitoa wapi?" akauliza. "Kwenye data hakuna kumi na tatu. Kumi na nne nayo haipo. Umepika data, binti."

Neno hilo lilimchoma Nyamizi kuliko ile sifuri. Kwa mtu wa takwimu, kuambiwa umepika data ni sawa na kuitwa mwizi.

"Sijapika, Dakta. Nimezisoma."

"Sikiliza," Dakta akasema, akishusha sauti, maana huruma pia alikuwa nayo. "Sipendi udisko kwa swali moja. Kaa hapo, andika masahihisho. Saba na nusu, basi. Nitasema nilikosea kujumlisha alama zako. Utoke hapa na arobaini na nne."

Karatasi nyeupe ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Nyamizi aliitazama, akamfikiria mama yake aliyeuza mazao ya msimu mzima ili yeye afike Lugeme. Alitamani kukaa. Nawaambia ukweli, alitamani sana. Lakini mkono ulikataa.

"Siwezi, Dakta."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili."

Akakata rufaa. Habari ikasambaa bwenini kabla ya chakula cha mchana. Kesho yake mwenzake mmoja, msichana aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake, jina silitaji, alimfuata akiwa anafua nguo.

"Nyamizi, mwenye nguvu mpishe. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu shari ipi? Mimi ndiye ninayerudi nyumbani."

"Na sisi je? Ukishinda wewe, jibu letu linakuwa kosa. Wanaweza kutunyang'anya zile alama. Tutadisko wote kumi na wanane kwa ajili ya kichwa chako kigumu."

Nyamizi aliacha kufua. "Kwani nyinyi hamkuona? Wewe kwenu hakuna foleni ya maji?"

Yule mwenzake alitazama povu. "Tuliona. Mimi niliona. Lakini tuliandika anachotaka."

Hapo, wanangu, ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Asiyejua hana lawama, atafundishwa. Lakini mtu anayejua na akaandika uongo kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari kwa rula, huyo utamfundisha nini?

Siku ya rufaa walikaa watatu: mkuu wa idara, Profesa Kokubanza, mama mmoja wa maneno machache; mwalimu wa hesabu; na Dakta Mwaisaka mwenyewe. Wale kumi na wanane walijazana koridoni. Madirisha yalikuwa ya vioo vya kupangana, vingine vilikuwa vimevunjika, kwa hiyo kila neno lilitoka nje.

Dakta alieleza kwa ufupi. Data haibadilishwi. Namba ni namba. Mwanafunzi akiruhusiwa kugeuza moja kuwa kumi na tatu kwa sababu imempendeza, kesho atageuza mia kuwa elfu. Mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa kukubali. Kisha Dakta akatazama mkono wake.

"Tumalize, Profesa. Ni saa nne na nusu sasa, nina kipindi."

Nyamizi alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi. Aligeuka.

"Dakta, samahani. Mshale mfupi wa saa yako uko kwenye namba ngapi?"

"Umepita kumi. Kwa nini?"

"Na wewe umesema saa nne."

"Ndiyo, ni saa nne na nusu, kila mtu anaju..." Alitazama saa yake tena, safari hii kwa muda mrefu.

Nyamizi hakumngoja. Aliandika ubaoni namba za mlinzi wa pampu, zote kumi. Chini yake akaandika mstari wa pili.

"Hizi za juu ni saa kama mlinzi alivyozitamka. Hizi za chini ni asubuhi zilezile, kama mshale wa saa ya Dakta ungezionyesha. Mlinzi akisema kumi na moja, mshale uko tano. Akisema kumi na mbili, uko sita. Akisema moja, uko saba." Akazisoma kwa sauti huku akiandika: tano, sita, sita, saba, saba, sita, nane, tano, sita, saba. "Jumla ni sitini na tatu. Wastani, sita nukta tatu. Mshale ukiwa hapo, sisi sote humu tunasema saa kumi na mbili na dakika kumi na nane asubuhi. Ni jibu langu. Mstari wa juu, ukiujumlisha tu bila kuuliza, unakupa saa saba na nusu mchana. Watu ni walewale, ndoo ni zilezile. Hawawezi kuwa wamekuja alfajiri na mchana kwa wakati mmoja."

Akaipiga chaki ubaoni kati ya kumi na mbili na moja.

"Sikupika data. Kwenye karatasi, namba hizi mbili ziko mbali. Pale pampuni, aliyefika saa kumi na mbili na aliyefika saa moja wanatwishana ndoo. Kumi na mbili, Dakta, jirani yake moja!"

Koridoni mtu alicheka, akazibwa mdomo. Ndani, mwalimu wa hesabu aliacha kutikisa kichwa. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

Profesa Kokubanza alivua miwani. "Tumekusikia," alisema. "Lakini matokeo yameshabandikwa, na mwongozo tukiugusa tutagusa watu wengi. Una thelathini na nne. Idara inaweza kukupa alama sita za huruma. Unafika arobaini, unapita, na mwongozo tunauacha ulivyo. Umeridhika?"

Nje watu walishusha pumzi. Kila mmoja amepona! Ni kitu gani tena?

Nyamizi aliweka chaki chini, akajipangusa vumbi mikononi.

"Nashukuru, Profesa. Sizitaki."

"Unaelewa kwamba bila hizo sita umedisko?"

"Naelewa. Alama za huruma ni za aliyekosea, na mimi sikukosea. Nipeni kumi zangu. Kama hamnipi, niandikieni barua ya kurudi nyumbani, niondoke leo. Ila ndani ya barua muandike kwamba jibu langu ni kosa, na pampu ya watu ifunguliwe saa saba na nusu mchana. Mtie sahihi wote watatu. Nitaibandika palepale pampuni, waisome."

Liwalo na liwe, alikuwa ameshalisema.

Profesa alichukua karatasi yenye nembo ya chuo. Aliandika polepole mistari mitatu, kama alivyoambiwa. Kisha akaisukuma mezani mpaka mbele ya mwalimu wa hesabu. Yule akaisoma, akaisukuma bila kuigusa kwa kalamu. Ikafika kwa Dakta Mwaisaka.

"Wewe ndiye mwenye somo," Profesa alisema. "Anza kutia sahihi."

Dakta alishika kalamu. Alisoma maneno yale, saa saba na nusu mchana, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona jua ndani yake, na vumbi, na pampu isiyo na mtu. Kalamu ilikaa hewani. Halafu akaiweka ile barua pembeni, akavuta mwongozo wake mwenyewe, akaikata saba na nusu kwa wino mwekundu uleule na kuandika juu yake jibu la Nyamizi. Kwenye karatasi ya binti akaifuta sifuri, akaweka kumi.

"Arobaini na nne," akasema. Kisha, bila kuinua uso: "Na wale wengine waliandika nilichowafundisha. Kosa ni langu. Alama zao zibaki."

Nyamizi akashika mkoba wake akatoka. Koridoni walimpisha njia. Hakuna aliyempongeza. Aibu huwa haipigi makofi.

Muhula uliofuata Dakta Mwaisaka aliingia darasani, akaandika ubaoni maneno yale sita kabla hata ya kusalimiwa. Akasema: "Kabla hujajumlisha namba, muulize aliyeitamka." Wanafunzi wakayabeba maneno mpaka mabwenini, mpaka maabara, mpaka kwa wale wa uchumi, na yakabaki. Leo mtu akikuambia hivyo hakufundishi majira. Anakuambia jibu unalokubaliana na wote huku moyo umelikataa, bado hujalifanyia kazi. Likatae, hata ukibaki peke yako.

Mnauliza nimeyajuaje ya koridoni na ya kwenye povu. Yule wa kitanda cha juu, jina sikulitaja kwa sababu ni langu. Sapu ile nilipata arobaini na tisa, nikapita. Kumi kati ya hizo si zangu, na nimekaa nazo kwenye cheti maisha yangu yote.

Haya, rudini kwenye hilo swali lenu. Na atakayeniletea jibu asiloliamini asije kukaa kwenye viti hivi tena. Kumi na mbili, jirani yake moja.