Bibi Aliyepumzishwa

Ndugu zangu, fungeni Biblia zenu kidogo, mziweke mapajani. Nataka niwasimulie habari ya mama mmoja, tumwite Atupele, aliyekuwa akiishi Mbeya mjini na mumewe na watoto wao watatu.

Mwaka huo Krismasi ilipokaribia, mama mkwe wake alitoka Tukuyu kuja kula sikukuu na wajukuu. Watoto walimwita Bibi Subi. Alikuwa mjane mwenye miaka sabini na kitu, na kule kwake alilima mwenyewe, akakama ng'ombe mwenyewe. Atupele alimpenda sana. Alimpa kochi zuri la pale sebuleni, akamwekea mto mgongoni, akamfunika blanketi kwa sababu ya baridi, akamwashia televisheni. Akasema moyoni, huyu mama amefanya kazi maisha yake yote, kwangu atapumzika.

Zilipita siku nne. Bibi akinyanyuka kuosha kikombe chake, ananyang'anywa. Akishika ufagio, wajukuu wanauchukua, maana wameshafundishwa na mama yao.

Basi ikafika siku ya mkesha, mchana. Atupele aliingia jikoni kutengeneza keki ya chokoleti ambayo watoto walikuwa wakiidai tangu Novemba. Akina mama mnaijua, ile isiyohitaji oveni. Unaponda biskuti, unayeyusha siagi, unatia kakao na maziwa mazito ya kopo, unakoroga mpaka mkono unauma, unashindilia kwenye trei, halafu unaiachia friji imalize kazi. Alikuwa ameanza kuponda biskuti aliposikia miguu mlangoni. Ni Bibi, ameshakunja mikono ya sweta.

"Nipe hizo biskuti nikupondee," akasema.

"Hapana, Mama. Wewe kakae, upumzike."

Bibi akasema basi atakoroga. Atupele akacheka kwa upole, akamkumbusha kwamba ana kisukari, keki yenyewe hata kuonja haruhusiwi, sasa ahangaike nayo ya nini? Bibi akajibu kwamba hakutaka kuila. Alitaka wajukuu wale kitu alichokigusa yeye. Atupele alisikia, lakini alikuwa na haraka, siagi ilikuwa jikoni inayeyuka. Akamshika mkono, akamrudisha kwenye kochi, akamfunika tena.

Niambieni, kuna kosa hapo? Ni nani kati yetu angempeleka mkwewe mahakamani kwa kosa la kumfunika blanketi?

Keki ikawa tayari, ikaingia kwenye friji. Atupele akaenda sebuleni kumwambia Bibi aje aione. Kochi lilikuwa tupu. Blanketi limekunjwa vizuri, kona kwa kona. Chooni hayupo, uani hayupo. Wakampigia simu, ikaita pale pale juu ya meza. Mumewe akashika njia ya stendi, akihofia mama yake ameamua kurudi Tukuyu. Atupele akatoka na kakao bado vidoleni, akiuliza kila anayekutana naye kama amemwona bibi mmoja mwenye sweta la kijani.

Alimkuta nyumba ya tatu, kwa Mama Edna. Mwanamke huyo walikuwa wakisalimiana naye tu njiani. Bibi Subi alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele wa pilau, na anacheka. Atupele alisimama kwenye geti. Kwa siku zote nne hakuwahi kukisikia kicheko kile.

Akasogea, akapiga magoti kumsalimu, akamuuliza taratibu, "Mama, tumekutafuta. Kwetu umekosa nini?"

Bibi hakukasirika. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele.

"Sikukosa kitu, mwanangu. Nimekula, nimelala, nimefunikwa. Lakini mgonjwa naye hufanyiwa hivyo hivyo. Huyu mwenzio alinikuta nimesimama nje, akaniambia amezidiwa na kazi, kama naweza nimsaidie."

Ndugu zangu, mlidhani nitawaambia tuwaheshimu wazee. Sivyo. Atupele alimheshimu mama mkwe wake. Alimheshimu mpaka mama wa watu akatafuta mlango wa kutokea.

Nasi tunafanya hivyo. Tunawaweka watu viti vya mbele, tunawapa soda, tunawaita wageni wa heshima, na hatuwaombi kitu. Yule mzee aliyestaafu, yule ndugu aliyepata kiharusi, yule dada aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika. Tunawaambia, "Wewe kaa tu." Tunaona tumewahurumia. Kumbe tumewaambia kwamba nyumba hii inakwenda vizuri bila wao.

Tazameni Mungu alivyofanya. Alipomtuma Mwanawe, hakukosa malaika wa kumlea. Lakini alimweka mikononi mwa binti wa kijijini amwogeshe, amfunge nguo, amnyonyeshe. Mwenyezi, asiyepungukiwa na kitu, alikubali kuhitaji mikono ya binadamu. Sasa mimi na wewe ni nani hata tusimhitaji mtu?

Atupele alifanya nini pale uani? Aliketi chini, akavuta upande mmoja wa ungo, wakachagua mchele wa jirani mpaka ukaisha, kisha wakarudi nyumbani pamoja.

Mkitoka hapa leo, kila mmoja aende kwa yule aliyemkalisha. Usimpelekee zawadi. Mwambie, "Nimezidiwa, naomba unisaidie." Na akianza, mwache afanye kwa mikono yake mwenyewe, hata kama anachelewa. Amina.