Vitambaa vya Maji vya Bwana Khelef

Bwana Khelef alimshtaki Bi Mwanamvua, mwenye gari la farasi, kwa kumfunga mnyama wake vitambaa vya maji baridi kwenye miguu iliyovimba. Alitaka apewe farasi huyo awe fidia.

"Uvumbuzi wa tiba hii ni wangu, hati ya kuumiliki ninayo," alimwambia hakimu uani mwa mahakama. "Mtu wa kawaida hawezi kuufikiria."

"Kweli kabisa, bwana," alisema Bi Mwanamvua, akamsogeza farasi ili hakimu aione miguu yake.

Farasi akamkanyaga Bwana Khelef kidole cha mguu.

"Mama yangu! Nakufa!"

Karani wa hakimu alikimbilia mtungi wa maji, akalowesha leso, akamfunga kidole.

"Karani," aliuliza Bi Mwanamvua kwa upole, "nani alikufundisha?"

"Afundishwe nini?" alifoka Bwana Khelef. "Hata mtoto anajua! Kaza!"

Hakimu akayaandika maneno hayo, akafunga jalada.

Njiani Bi Mwanamvua alimpa farasi kipande cha muwa.

"Jana kwenye mazoezi, kiatu cha mume wangu ulikikosa mara mbili," alimwambia. "Leo umelenga."