Nguchiro Aliyeuliza Maji ni ya Nani

Paukwa!
— Pakawa!
Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulie!
Ina vumbi miguuni.
— Iingie hivyo hivyo!

Haya, imeingia, isogezeeni mkeka. Na wewe wa kule nyuma usilale, nina kazi nawe. Nikisema "Aulize, asiulize?" wewe na wenzako mjibu "Aulize!" Tumeelewana? Vizuri.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na mji wao na baraza lao, palikuwa na Mama Nguchiro. Alikaa kwenye kichuguu cha kale nje ya mji, yeye na watoto wake wachanga, wachanga hata macho hawajafumbua. Mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza. Akiona shimo, atauliza kalichimba nani. Akisikia kilio, atauliza kafa nani, na akishaambiwa atauliza kafaje. Majirani walimchoka. Lakini kuuliza si ujinga, wala hakukuwahi kumuua mtu.

Siku moja ikapita mbiu. "Wazee wa ardhi wamekaa, wazee wa ardhi wameamua! Gulio jipya litakuwa penye kichuguu cha Nguchiro. Kichuguu kivunjwe kabla ya mvua!"

Mama Nguchiro akawatazama wanawe. Vitoto vile angevipeleka wapi? Akalia, akalia, akalia. Kisha, kwa vile yeye ni Nguchiro, machozi yalipokauka swali likabaki. Pori lote hili, kwa nini hapa?

Aulize, asiulize?
— Aulize!

Wazee wa ardhi walikuwa watatu: Kanga, Kobe, na mkubwa wao Ngiri. Akaanza kwa Kanga, akamkuta anaparua jaani.

"Shangazi Kanga, shikamoo. Kwa nini gulio liwe kwangu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilinyosha bawa kwa sababu Kobe alinyosha mguu. Kamuulize yeye."

Akaenda kwa Kobe. "Babu Kobe, shikamoo. Kwa nini gulio liwe kwangu?"

"Marahaba, mjukuu. Mimi nilinyosha mguu kwa sababu Ngiri alishaamua. Kubishana na Ngiri ni safari, nami safari siziwezi."

"Lakini mlipaona mahali penyewe?"

"Ni mbali," akasema Kobe, akaingiza kichwa ndani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimaliza mazungumzo.

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri alikuwa kakaa kwenye kiti chake cha baraza, tumbo mbele, pembe zinang'aa.

"Mzee Ngiri, shikamoo. Kwa nini gulio liwe kwangu?"

"Marahaba. Sababu ziko tatu, mama. Kwanza, ardhi yako ni tambarare. Pili, njia zote zinakutana pale. Tatu, maji yako karibu. Hayo ni mambo ya wakubwa. Nenda kafungashe."

Nguchiro akashukuru, akaondoka. Njiani akasimama ghafla. Maji? Maji gani? Tangu aolewe akaletwa kwenye kichuguu kile, maji alikuwa akiyafuata mtoni, na mtoni ni mbali hadi ulimi unakauka. Maji ya karibu Ngiri kayaona wapi?

Jamani, mwongo hana adui kama ulimi wake mwenyewe.

Aulize, asiulize?
— Aulize!

Safari hii hakuuliza kwa mdomo, aliuliza kwa pua. Akanusa upande wa jua linapotoka, hakuna. Akanusa upande wa jua linapozama, hakuna. Akanusa bondeni nyuma ya mkwaju, pua ikapata ubaridi. Akafuata. Akakuta matawi yamelazwa chini, mengi, yamepangwa vizuri. Juu ya matawi kalala Nungunungu, ndugu wa mke wa Ngiri.

"Habari za mchana, bwana Nungunungu. Umelalia nini?"

"Matawi."

"Na matawi yamelalia nini?"

Nungunungu akajikuna. Alikuwa mtu mwema, kichwa tu ndicho kilichokuwa kizito. "Maji," akasema. "Dimbwi zima. Tumelichimba kiangazi chote. Gulio likija, kila mwenye kiu atakuja hapa, na kila atakayekunywa ataacha kiazi."

"Amwachie nani kiazi?"

"Amwachie shemeji, bwana. Mimi mlinzi tu."

Nguchiro akamshukuru, akamtakia usingizi mwema. Alikuwa na hasira na furaha, vyote pamoja. Akapiga mbio hadi kwa Babu Kobe, akagonga gamba.

"Babu, siku ya kukita kigingi cha gulio huwa mnafanya nini?"

"Ah, mila ile ile. Kila mzee wa ardhi anachota udongo wa mahali pale, anaurusha nyuma yake, anasema, 'Sina changu hapa.' Mara tatu. Na mji unaitikia, 'Kisicho chenu ni chetu.' Tunasema tu, mjukuu. Ni maneno ya wahenga."

"Wahenga walikuwa wakisema tu?"

Kobe akafumbua jicho moja. Akafumbua na la pili. Na safari hii hakuingiza kichwa ndani.

Siku ikafika. Mji mzima ukajaa penye kichuguu. Kanga akarusha udongo, "Sina changu hapa," mara tatu. Mji ukaitikia, "Kisicho chenu ni chetu." Kobe akarusha, taratibu, mara tatu. Mji ukaitikia. Ngiri akarusha kwa haraka, maana jua lilikuwa kali na kigingi kinasubiri. "Sina changu hapa, sina changu hapa, sina changu hapa." Mji ukaitikia huku unapiga miayo.

"Nina swali," akasema Mama Nguchiro.

Mji mzima ukaguna. Huyu naye!

Aulize, asiulize?
— Aulize!

"Mzee Ngiri, lile bonde nyuma ya mkwaju, je? Una chako?"

"Sina changu."

"Na matawi yaliyolazwa kule bondeni?"

"Sina changu, mama. Tuache tufanye kazi."

"Na maji yaliyo chini ya matawi?"

Ngiri akatazama kushoto, akatazama kulia. Akisema ni yake, amekula kiapo cha uongo mbele ya mji. Akisema si yake, haya, wenye akili mmeshafika.

"Hayo ni ya shemeji yangu," akasema.

"Yangu mimi?" akashangaa Nungunungu. "Shemeji, si ulisema nilinde tu, nikusanye viazi nikuletee?"

Mama Nguchiro akarudia swali kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Mzee, maji yale ni yako, au si yako?"

Ngiri akainamisha pembe. "Si yangu," akasema.

Na mji, safari hii bila miayo, ukaitikia kwa sauti moja: "Kisicho chenu ni chetu!" Wakashuka bondeni mbio, wakatupa matawi, wakanywa. Hakuna aliyeacha kiazi.

Waliporudi midomo imelowa, Ngiri akakohoa. "Ndugu zangu, nimefikiri upya. Hapa hapafai gulio. Ardhi ina mteremko."

"Juzi ilikuwa tambarare," akasema Kobe. "Ardhi haijasogea, Ngiri. Umesogea wewe."

Wakacheka, lakini Mama Nguchiro hakucheka. Akawageukia Kobe na Kanga. "Na nyinyi wazee wangu, mlionyosha bila kuona?"

Kanga akatazama chini. Kobe hakujitetea. Alisema tu, "Tutakwenda kuangalia. Kwa miguu yetu wenyewe." Basi wakaenda kukagua pori zima, na mwendo wa Kobe mnaujua. Mvua ikanyesha, ikakatika. Walipopata mahali pa gulio, upande wa pili wa mji kabisa, watoto wa Nguchiro walikuwa wamefumbua macho na wanauliza maswali kumshinda mama yao.

Wengine walitaka Ngiri afukuzwe mjini. Nguchiro akauliza, "Akiondoka, atakayekalia kiti chake tutajuaje amekalia nini?" Hapo ikatungwa sheria: kila anayeingia baraza la ardhi asimame kwanza, ainue mkia, mji uone. Ngiri akavuliwa ukubwa, na aibu ile haikumtoka. Mtazameni hata leo. Akishtuka tu, anakimbia mkia umesimama wima, anauambia ulimwengu mzima, "Sina kitu, sina kitu!"

Na waliokalia kiti kile baada yake? Waliinua mkia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakasema mgongo unauma. Mwaka wa tatu mji ukaacha kuuliza.

Hadithi yangu naitua hapa. Iliyemfurahisha aibebe aende nayo kwao. Iliyemchoma aiache papo hapo alipokaa, ila ainuke kwanza, tuone.