Kichuguu cha Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kinyonge, kama mliolazimishwa. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni mnapopenda, ila msinizibie upepo. Zamani hizo za kale, kabla bibi yangu hajapata bibi, palikuwa na vichuguu vitano kwenye uwanda wa nyasi. Kila kichuguu kilikuwa na ukoo wake wa nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwili mwembamba, mkia mrefu, hatulii. Mwanzoni walikuwa hawapatani. Wa hapa akipita pale, anang'atwa. Wa pale akipita hapa, anang'atwa. Siku moja wakachoka kung'atana. Wakakaa chini, wakaunda Umoja wa Vichuguu Vitano. Toka hapo nguchiro akala hapa, akalala pale, na hakuna wa kumuuliza umetoka wapi. Jambo jema. Mimi nalisifu, na msiseme sikulisifu.

Umoja ule ulikuwa na mwenyekiti, Bi Zuhura, bibi kizee mwenye sikio lililochanika. Na ulikuwa na katibu, jina lake Kidevu. Kidevu ndiye aliyeshika masharti yote kichwani. Alikuwa na mkia mzuri kuliko wote, na alijua.

Sasa, ng'ambo ya korongo palikuwa na jirani. Jirani huyo ni Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko haja yake. Hana ukoo, hana kichuguu. Ana mti mmoja wenye tundu, na ana mke.

Sikilizeni desturi ya hondohondo, maana bila hiyo hamtanielewa. Mke akitaka kutaga, anaingia tunduni. Anaziba mlango kwa tope, na yeye yumo ndani! Anabakiza ufa mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani manyoya ya mabawa yanamtoka, hawezi kuruka. Anakaa na mayai, halafu anakaa na makinda, na chakula chote analetewa na mumewe kupitia ule ufa. Mume asiporudi, wa ndani wanakufa. Ndiyo maana hadithi hii nikiisimulia viganja vyangu hutoka jasho. Nishikeni muone.

Mwaka ule mvua iligoma. Panzi wakajificha chini ya majani makavu. Hondohondo anazunguka tangu asubuhi, anapata panzi wawili. Ndani ya mti kuna makinda watatu na mama yao.

Nguchiro nao walikuwa na lao. Lao lilikuwa Kipanga. Nguchiro akitafuta chakula anainamisha kichwa. Akiinamisha kichwa, hamwoni Kipanga. Waliweka walinzi juu ya vichuguu, lakini mlinzi wa kimo kile ataona nini? Anaona miiba. Kila baada ya siku chache mmoja anakosekana, na hawasemi kapotea wapi, maana wote wanajua.

Hondohondo akawatazama toka mtini. Akaona nguchiro wakipita nyasini, peku-peku, peku-peku, panzi wanaruka, puru! puru! Nguchiro wanadaka wachache, wengi wanatoroka. Akasema moyoni: hao wanaotoroka si wangewatosha wanangu? Akavuka korongo, akatua mbele ya mkutano.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, jirani," akasema Bi Zuhura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Ndilo lililonileta. Bibi, nyinyi mpite chini, mimi nipite juu. Panzi wanaowaponyoka nile mimi. Kipanga akija nitamwona kabla yeye hajawaona, nitapiga kelele, mtaingia mashimoni. Mke wangu yumo ndani na watoto watatu. Nawaomba tuanze kesho."

Chirrr! Nguchiro wakashangilia. Mama mmoja aliyepoteza mtoto wiki ile akalia kabisa. Wote wakamwona Hondohondo kama ameshushwa na Mungu.

Kidevu akakohoa. Jihadharini na mtu anayekohoa mkutanoni.

"Bwana Hondohondo, ombi lako tumelipokea. Ila leo wa kichuguu cha nne hawakufika. Umoja hauamui neno mpaka watano wote tuwepo."

"Watafika lini?"

"Mchakato unaendelea," akasema Kidevu.

Hondohondo akarudi na panzi wake wawili. Mke akatoa ncha ya mdomo kwenye ufa.

"Mume wangu, wamekubali?"

"Bado, mke wangu. Kesho."

"Nimesikia kitu kikijiburuta chini ya mti. Ni nini?"

Hondohondo akatazama chini. Akaona majani makavu.

"Ni majani."

Ni majani, jamani?

Si majani!

Nyinyi mnajua. Yeye hakujua. Alikuwa na njaa, na mwenye njaa ile hatazami vizuri.

Siku tatu zikapita. Wa kichuguu cha nne wakafika, eti walidhani mkutano ni wa mwezi ujao. Hondohondo akavuka korongo tena. Safari hii Kidevu alikuwa tayari.

"Mwenzetu ni mwenye kichuguu. Ndivyo tulivyopatana siku ya kwanza. Wewe una kichuguu?"

"Nina mti."

"Sikukuuliza mti."

Bi Zuhura akasema, "Kidevu, huyu ana watoto. Tusimzungushe."

"Bibi, sina ubaya naye," Kidevu akajibu, na kweli hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu. "Lakini leo tukimwingiza mwenye mti, kesho atakuja mwenye pango, keshokutwa atakuja mwenye kinywa tu. Tulitoka mbali kufika hapa. Mmesahau tulivyokuwa tukitafunana?"

Hawakusahau. Wengine bado walikuwa na makovu. Wakatazamana, hofu ikawaingia mmoja mmoja, na ile furaha ya siku ya kwanza ikawatoka. Wakakata shauri: Hondohondo ajenge kichuguu. Kimo chake mikia mitatu.

"Mkia wa nani?" akauliza Hondohondo.

Kidevu akainua wa kwake.

Basi ndege akaanza kujenga kichuguu. Cheka, cheka tu wewe uliye pale nyuma, yeye hakucheka. Anashuka korongoni kwenye tope lililobaki, anachota kwa mdomo, anapanda nalo, analiweka. Du! Anagonga. Du! du! du! Anashuka tena. Jua linamwakia mgongoni. Mchana kutwa yuko kwenye tope, haendi kutafuta panzi wala hakai mtini kuangalia. Kipanga akachukua nguchiro wawili siku zile zile, na mkutano ukatuma salamu za pole.

Jioni anarudi, mdomo umeparara, ncha imemeguka.

"Mume wangu, wamekubali?"

"Bado. Nimefika mkia mmoja na nusu."

"Umeleta nini?"

"Panzi mmoja. Mpe mdogo."

Mke akampa. Ndani makinda wakalia, cii, cii, cii. Kisha akauliza, "Hivi vichuguu vyao, walijenga wenyewe?"

Hondohondo akafikiri. "La. Walijenga mchwa. Mchwa wakahama, wao wakaingia."

"Si uwaambie!"

"Nikiwaambia watachukia, na wakichukia nitakwenda wapi? Mke wangu, nivumilie. Imebaki kidogo."

"Kile kitu kimejiburuta tena. Leo kimepanda hadi kwenye tawi la kwanza, halafu kikashuka. Nimekisikia kikipumua."

"Ni upepo, na majani," akasema Hondohondo. Alisema hivyo kwa sababu hakuweza kuvumilia liwe jambo jingine. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo, nyumbani kwangu, na hayakuwa majani.

Siku ya tisa kichuguu kikasimama. Umoja mzima ukaja kukikagua. Vichuguu vyote vitano, wazee kwa watoto, hata walinzi walishuka, nani atakubali kupitwa? Kidevu akapanda juu, akateremsha mkia, akapima. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Akainama, akapima upya.

"Pamepungua kidogo huku upande wa mashariki."

"Hebu tuone!" Wote wakainama kuona palipopungua. Hondohondo naye akainama.

Na juu? Juu anaangalia nani?

Hakuna!

Hakuna. Nguchiro wote wa uwanda ule wamekusanyika pamoja, na vichwa vyote viko chini.

Kivuli kikapita juu ya tope. Kidogo, chepesi. Hondohondo akainua kichwa. Akamwona. Kipanga huyo, amekunja mabawa, anashuka.

Sasa nisikilizeni. Kipanga hali hondohondo. Hajawahi. Hondohondo angeweza kunyamaza, na nani angemlaumu? Hajakubaliwa, hajaitwa mwenzao, bado pamepungua kidogo upande wa mashariki. Lakini hakupata nafasi ya kuyafikiri hayo.

"KO-KO-KO-KO! Juu! Juu! Ingieni!"

Mtawanyiko! Nguchiro wakaruka, huyu shimo hili, yule shimo lile, vumbi tupu. Waliobaki wakajitupa miibani. Ila Kidevu alikuwa juu ya kichuguu kipya. Akateremka, akatafuta mlango. Akazunguka. Akazunguka tena. Hakuna tundu! Walimwambia Hondohondo mikia mitatu, hawakumwambia tundu, naye akajenga alichoambiwa. Kidevu akakwaruza tope kavu kwa kucha zote, akilia kama mtoto.

Fyuuuu! Kipanga huyo.

Hondohondo akaruka, akampiga Kipanga kwa ubawa, pwa! Kucha zikakosa mgongo, zikashika mkia. Kidevu akavuta, Kipanga akavuta. Kip! Kipanga akaenda zake na mkia.

Kimya. Vichwa vikachungulia. Kidevu amelala chini anatetemeka, nyuma yake kipande kidogo tu kinatoka damu.

Hapo, katika kimya kile, wakasikia. Ng'ambo ya korongo. Ko. Ko. Ko. Mdomo unagonga shina la mti, toka ndani.

"Mke wangu," akasema Hondohondo. Akaruka juu, akaona mti wake, akaona kitu cheusi kirefu kimezunguka shina. Akarudi chini.

"Ndugu zangu, ni koboko. Mimi simwezi. Nyinyi mnamweza. Nisaidieni!"

Nguchiro wakasimama ukingoni mwa korongo. Kulikuwa na sharti: asivuke mtu mpaka watano wote wakubaliane. Wakamgeukia katibu. Kidevu akawatazama. Akatazama pale mkia wake ulipokuwa. Hakukohoa. Akajitupa korongoni, wa kwanza, damu inamtoka.

Bi Zuhura akafuata, na uzee wake wote. Kisha ukoo wa kwanza, wa pili, hao, hao, hao, hata wa kichuguu cha nne.

Walimkuta Koboko kichwa kimo ndani ya ufa. Chirrr! Mmoja akauma mkia, wa pili akauma kiuno, wakavuta, wakavuta, mpaka kichwa kikatoka. Akageuka, sssaaa! Wakaruka pembeni, wakarudi. Akapiga huku, wako kule. Akapiga kule, wako huku. Bi Zuhura ndiye aliyemshika shingoni. Koboko akaanguka, pu! Hakuinuka. Lakini kifuani pake, ndani ya ngozi, palikuwa na uvimbe mdogo.

Hondohondo akaweka jicho kwenye ufa.

"Mke wangu!"

Kimya.

"Mke wangu!"

"Nipo."

"Na watoto?"

"Wawili." Halafu akasema, polepole, na wote chini ya mti wakasikia, "Nimegonga tangu jua halijapanda. Nilidhani mtasikia."

Bi Zuhura akaketi palepale akajifunika uso. Nguchiro hawakutazamana. Tangu jua halijapanda walikuwa njiani kwenda kupima tope.

Asubuhi ya pili Hondohondo alikwenda kwenye vichuguu, akatua kwenye mti wa karibu, akangoja. Hakupiga hodi. Hakuomba neno. Aliyetoka kwanza alikuwa Kidevu. Alipotoa kichwa, alitazama juu kwanza, akamwona ndege yupo, ndipo akatoka mwili mzima. Wengine wakafuata. Wakaanza kupita nyasini, peku-peku, peku-peku. Panzi wakaruka, puru! Hakuna aliyeitisha mkutano. Mvua ilipokuja ikakiyeyusha kile kichuguu, na hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi.

Ila turudi asubuhi ile ile. Hondohondo alirudi mtini mapema, mdomo umejaa.

"Mume wangu, wamekubali?"

Hondohondo akatazama chini. Nguchiro wawili wa kichuguu cha nne, wale wa kuchelewa, walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, mmoja huku na mmoja kule, wanalinda shina.

"Hawajasema."

"Mbona nasikia kitu chini ya mti?"

"Ni nguchiro."

"Si majani?"

"Si majani. Kula, mke wangu."

Basi. Somo lake nalisema wazi, nisije nikasikia kesho mtu analipindisha. Jirani akija na shida yake, na shida hiyo ni nusu ya shida yako, shikaneni mikono kwanza, masharti mtayaandika mkishashiba. Na usimdai mgeni ajenge ulichokikuta wewe kimejengwa. Umoja ni kitu kizuri, nimesema tangu mwanzo. Lakini wakati wanapima, kinda mmoja alikuwa ndani ya mti, na kinda huyo hakurudi.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa korongo, mimi nashuka hapa. Anayetaka kuvuka nayo avuke, ila kwanza atazame juu.