Ngiri Atafuta Nyumba Mchangani

Ndugu zangu, msicheke kwanza. Miguu hii imetembea kutoka Lodwar mpaka Lindi, lakini leo imepotea hatua kumi kutoka kwa shemeji yangu. Nimeingia nyumba ya jirani, nimevua viatu, nimekunywa uji mabakuli mawili, tena nikalalamika kwamba hauna sukari. Bi Tausi, mwenye nyumba, akaweka upawa chini. Akaniuliza, "Baba, kwani wewe ni nani?"

Haya, chekeni basi tumalize. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, kabla ya uji wa Bi Tausi, palikuwa na uwanda wa mchanga. Mchanga mbele, mchanga nyuma. Kijiti kimoja hapa, kijiti kimoja kule. Ngiri akahamia huko, maana pori lake liliungua. Kufika tu, akakutana na Fisi.

"Karibu, mgeni," Fisi akasema. "Unalala wapi?"

"Bado sijajua."

"Usijali. Jua likizama nitakuja kukujulia hali." Akalamba midomo. Lamba, lamba.

Ngiri akaelewa. Asipopata nyumba kabla jua halijazama, yeye ndiye chakula.

Akakimbia, puku puku puku, mkia umesimama wima. Akamkuta Mbuni.

"Dada Mbuni, hapa mnakaaje?"

"Hivi hivi, peupe. Nasimama, natazama. Adui akitokea kule, mimi nimeshatimka."

Ngiri akasimama peupe. Akanyoosha shingo. Shingo yenyewe haikuwepo. Akatazama mbali.

"Unaona nini?" Mbuni akauliza.

"Naona pua."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Kaka, hapa si kwako."

Puku puku puku. Akamkuta Mjusi.

"Bwana Mjusi, hapa mnakaaje?"

"Unazama tu." Mjusi akazama mchangani, chwii, kimya. Akaibuka upande wa pili, anajipangusa macho.

Ngiri naye akajifukia. Fuku, fuku, fuku. Akauliza kutoka chini, mdomo umejaa mchanga, "Naonekana?"

"Mkia."

Akaushusha. "Na sasa?"

"Tumbo."

Akalivuta. "Na sasa?"

"Kaka, bora uniulize kipi hakionekani."

Jua likawa jekundu. Puku puku puku, sasa kwa kuhema. Akamkuta Muhanga, ndiyo kwanza anaamka, anakwenda kutafuta mchwa.

"Mzee Muhanga, nisaidie. Nakaribia kuliwa."

"Mimi huchimba nyumba leo, kesho nachimba nyingine. Hilo shimo la juzi lichukue."

Ngiri hakungoja aambiwe mara mbili. Akatanguliza kichwa, akaingia. Akatulia gizani, macho yanatazama ukuta, makalio yanatazama mlango.

Jua likazama.

"Hodi," Fisi akasema.

"Karibu," Ngiri akajibu, maana alilelewa vizuri.

Fisi akakaribia. Ng'wap! Akang'ata kalio. Ngiri akarusha mateke, pa, pa, pa, mchanga ukamjaa Fisi machoni. Ngiri akachomoka, akalizunguka shimo huku akilia.

Muhanga alikuwa bado anatazama. "Wewe bwana," akasema, "una meno mawili yaliyopinda kama mundu, halafu mlangoni unaweka makalio?"

Ngiri akasimama. Akageuka. Akaingia kinyumenyume, rudi, rudi, rudi, mpaka mkia ukagusa ukuta. Mlangoni yakabaki meno.

Fisi akajipangusa macho, akarudi. "Hodi tena."

"Karibu tena."

Akaingiza pua. Kwacha! Fisi akaitoa pua inavuja damu, akaenda zake anachechemea, ingawa mguu wake haukuguswa na mtu.

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume.

Nanyi mkihamia mahali, waulizeni wenyeji, lakini nyumba ipimeni kwa mwili wenu, si kwa mwili wa jirani. Hadithi yangu imeingia shimoni, mimi nimebaki nje.

Mtoto mmoja akauliza, "Na Fisi alikula nini jioni hiyo?"

Bibi yake akamjibu, "Hakula. Nenda ukanawe miguu."