Dada Watatu na Mkono wa Tegbir

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo nina fundo mkononi ambalo nimejaribu kulifungua mwenyewe nikashindwa. Sikilizeni mpaka mwisho ndipo mnijibu. Mwenye pupa ya kujibu, fundo nitamwachia yeye.

Katika bonde la Nyando, palipo na mashamba ya miwa, aliishi Kalasinga mmoja jina lake Malkiat Singh. Babu zake walikuja kujenga reli. Reli ilipokwisha wao walibaki, wakafungua kiwanda cha sukari guru. Mtu akitaka fundi asiyeshindwa na chuma, alielekezwa kwa Malkiat. Alikuwa na mwana mmoja, Tegbir, na mabinti watatu. Mabinti hao ndio ninaotaka muwajue.

Gurleen, mkubwa, alikuwa na nguvu. Aliinua gunia la sukari guru kama wengine wainuavyo mto wa kulalia. Alikuwa amekula kiapo cha dini yake, akawa anafunga kilemba kama baba yake na kuvaa ubavuni kile kisu kidogo cha kiapo.

Apondi, wa kati, alikuwa na masikio. Yeye hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Baba yake alikuwa mchochea tanuri wa kiwanda, na alipofariki, mke wa Malkiat alimchukua akamlea pamoja na wanawe. Apondi alikulia kando ya mitambo, hata akajua kwa mlio tu ni nati gani imelegea.

Pavneet, kitinda mimba, alikuwa na ujasiri. Alikuwa mwembamba kama muwa wa kiangazi, lakini nyoka akiingia jikoni, wengine walipanda juu ya meza, yeye akatafuta fimbo.

Basi ikafika siku ya rakhi. Siku hiyo dada humfunga kaka yake uzi wa rangi mkononi na kumlisha kitu kitamu, naye kaka huahidi kumlinda. Ni desturi ya kale ya nchi walikotoka babu zao. Wahindu huishika sana. Kalasinga wengine huifuata, wengine husema si ya dini yao. Nyumbani kwa Malkiat ilifuatwa miaka yote bila swali. Mwaka huo swali likaja.

"Mimi sifungi," Gurleen akasema. "Guru wetu, mwalimu wa imani, alitupa bangili ya chuma, mwanamume na mwanamke sawa. Na kisu tukapewa. Mimi ni Kaur, jina tulilopewa wanawake tusimame wenyewe. Nimwombe nani anilinde, huyu anayeogopa mende?"

"Mende mmoja tu," Tegbir akajitetea, "tena alikuwa anaruka!"

Apondi hakucheka. "Dada, wewe una damu. Mimi nina uzi. Nilipokuwa mdogo, watu wa gurdwara, hekaluni kwetu, walipouliza huyu mtoto ni wa nani, Tegbir aliinua mkono akawaonyesha: huyu ndiye aliyenifunga uzi. Ukiuondoa uzi, nitaitwa nani?"

"Utaitwa dada yetu."

"Na wewe utazunguka nami kila mahali kuwaambia?"

Pavneet, mdomo umejaa barfi aliyoiiba kwenye sinia ya vitamu, akadakia: "Ufungwe! Lakini na Veerji atufunge sisi." Veerji ndivyo walivyomwita kaka yao. "Kwa nini ahadi itoke upande mmoja?"

"Meza hicho ulichoiba kwanza, ndipo utunge sheria," Gurleen akamwambia.

Tegbir akasimama. "Mkimaliza kugombania mkono wangu, mniite. Mkono wenyewe unakwenda kutengeneza pampu."

Akashuka kwenye kisima cha kiwanda. Humo akafanya kosa la fundi anayejiamini kupita kiasi: badala ya kuipandisha pampu juu, aliitengeneza humohumo chini, akawasha injini yake ya petroli aone kama inavuta. Moshi ukakosa pa kutokea.

Apondi alikuwa tanurini akitia makapi ya miwa. Mtambo ulinguruma, juisi ilichemka, na kati ya kelele zote hizo alisikia bangili ya Tegbir ikigonga bomba: kling, kling. Kisha hakuisikia. Akaenda moja kwa moja akavuta swichi kubwa. Kiwanda kizima kikanyamaza.

"Nani amezima mtambo?" Malkiat akafoka. "Juisi itaungua!"

"Baba, bangili ya Tegbir hailii."

Wakakimbia kisimani, Gurleen na Pavneet nao wakiwafuata. Tegbir alikuwa amelala chini kwenye tope, injini ikiendelea kutoa moshi. Wanaume wote walikuwa shambani wakipakia miwa, na kamba zote zilikuwa huko pamoja nao. Malkiat alitaka kushuka, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, umeungua kwa juisi. Akapiga magoti akalia: "Waheguru, Mungu wangu! Atakayenirudishia mwanangu, neno lake kuhusu uzi mnaougombania litakuwa sheria nyumbani kwangu, sasa na baada yangu!"

Gurleen hakungoja amalize. Alikuwa tayari amekifungua kilemba chake na kukisokota kiwe kamba. Nywele zake, ambazo mtu wa nje alikuwa hajawahi kuziona, zikamwagika mpaka kiunoni.

"Gurleen, kilemba!" baba yake akashtuka.

"Baba, kilemba ni cha kulinda kichwa. Kichwa cha leo kiko kisimani."

Pavneet akavuta pumzi moja kubwa, akashika ncha ya kitambaa, akashuka kwa vidato vya chuma, akipenya kati ya mabomba upesi kuliko mtu mzima. Akaizima injini. Akampitishia kaka yake kitambaa kwapani, akafunga, akavuta mara mbili kutoa ishara. Gurleen akaegemeza miguu kwenye ukingo akavuta, akavuta, mpaka Tegbir akatokea. Pavneet alitoka nyuma yake, midomo imebadilika rangi, akaanguka kwenye majani akicheka na kukohoa.

Wafanyakazi waliporudi mbio, walimkuta Gurleen amesimama na nywele wazi mbele yao wote. Mama mmoja mkata miwa akampigia vigelegele.

Tegbir akafumbua macho, akatapika, akauliza: "Pampu inavuta?"

"Nitakurudisha humo ukaiangalie!" Apondi akamfokea, machozi yakimtoka.

Sasa deni la kiapo likabaki kwa Malkiat. Akawaita mabinti wake watatu.

"Uzi usifungwe tena," Gurleen akasema. "Mmeona leo nani kamlinda nani. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa mikono yangu na kwa kilemba cha kiapo changu."

"Uzi ufungwe," Apondi akasema. "Kwa nini nilikuwa nikiisikiliza bangili yake kati ya kelele zote zile? Kwa sababu nilifunga uzi kwenye mkono huohuo, nikawa dada. Bila masikio yangu mngemvuta maiti."

"Tufungane sote," Pavneet akasema. "Mimi nilikuwa chini naye. Kitambaa kilikuwa na ncha mbili, na kama moja ingeachiwa tungekufa wawili."

Malkiat akawatazama kwa zamu, kifua kimejaa. "Baba wengine huomba wapate mtoto mmoja shujaa. Mimi nimepewa watatu kwa siku moja, na kinywa changu mwenyewe kimenitega."

Msiniambie kwamba wote watatu walimwokoa. Hilo Malkiat analijua, lakini sheria ya nyumba ni neno moja. Akimpa Gurleen, Apondi ataona amefungiwa mlango. Akimpa Apondi, Gurleen atalazimishwa kufunga kile ambacho moyo wake unakikataa. Akimpa Pavneet, wakubwa wote wawili watameza neno la mtoto, na Gurleen bado atabeba uzi asioutaka.

Jua linashuka nyuma ya miwa, na siku ya rakhi haingoji mtu. Tegbir amekaa amejifunika blanketi, mkono ameunyoosha, hajui utafungwa au utarudishwa mtupu.

Haya, ninyi mlionisikiliza: kama wewe ndiye Malkiat, ungetamka jina la nani?