Cha Juu cha Mamba, Cha Chini cha Buku

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa chombo!
— Kina nini ndani?
— Hatujui, hatujapanda!
— Basi pandeni, kaeni katikati, msije mkatupindua.

Alikuwapo Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya kubebea chakula. Nasema kama nilivyoambiwa na Korongo, na Korongo ni shahidi wa kila jambo la ziwa lile, kwa sababu hana kazi nyingine.

Buku alikuwa na chombo kidogo cha kuvulia samaki. Kidogo kweli: hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Kilikuwa na sakafu ya mbao kutoka mbele mpaka nyuma, na samaki wote walilala juu ya mbao hizo, juani, kila mwenye macho akiwaona. Chini ya mbao hapakuwa na kitu ila maji machafu yanayovujia ndani, yale ambayo wavuvi huyaita maji ya ngama.

Na alikuwapo Mamba. Alijilaza dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, akasema diko ni lake. Nani angebisha? Ana meno ya juu, ana meno ya chini.

Siku moja Buku akafika na samaki, Mamba akamzuia.

"We Buku! Tugawane kiungwana. Cha juu changu, cha chini chako."

"Mzee, chini kuna maji tu."

"Maji ni uhai," akasema Mamba. "Korongo, umesikia?"

"Nimesikia. Cha juu cha Mamba, cha chini cha Buku."

Na dikoni pale, neno likishasemwa mbele ya Korongo halirudi mdomoni. Mamba akafungua mdomo, ngaa! Akafunga, ngwamu! Samaki kwisha. Buku akarudi nyumbani na kata ya maji ya ngama.

Ikawa hivyo Jumamosi, ikawa hivyo Jumapili, ikawa hivyo Jumatatu. Ngaa! Ngwamu! Mkewe aliitwa Mama Saba, maana watoto wao walikuwa saba. Mama Saba akayachemsha maji yale, akayatia chumvi, akayaita mchuzi. Watoto wakanywa. Siku ya tano yule mdogo akaacha kulia, na mama yake akaogopa kuliko alipokuwa akilia.

"Baba Saba," akasema, "shimo letu lina vyumba vinne vya akiba, na vyote vitupu. Wewe unamvulia nani?"

Buku akaona haya. Akaona na hasira, ila hasira akaificha mashavuni, na mashavu ya buku yana nafasi. Akalala akirudia maneno ya mkewe: vyumba vya akiba, vyumba vya akiba.

Asubuhi akakivuta chombo nchi kavu, akaanza kutafuna sakafu. Kreke-kreke, kreke-kreke! Tundu moja mbele. Kreke-kreke! Tundu moja katikati. Kreke-kreke! Tundu moja nyuma. Chini yake akatenga vyumba vitatu kwa mbao, na Mama Saba akaziba nyufa kwa pamba na mafuta, maji yasipenye. Kila tundu likapata mfuniko wake na komeo lake la mti.

Mamba akaja kutazama.

"Unatoboa chombo chako mwenyewe?"

"Mzee, ulisema cha chini changu. Natengeneza pa kuchotea."

Mamba akacheka mpaka akatokwa na machozi, safari hii ya kweli. "Toboa, mwanangu, toboa! Maji ni uhai!"

Buku akaenda kuvua. Akapata sato, akapata kambale, akapata ningu. Wote akawatia chini, akafunika: pu! pu! pu! Juu akaacha dagaa mmoja, tena mwembamba.

"Cha juu hicho, Mzee."

Mamba akafungua mdomo, ngaa! Akafunga, ngwamu! Hakusikia hata ladha.

"Samaki wako wapi?"

"Ziwa lina mambo yake, Mzee."

Na huo si uongo. Ziwa lina mambo yake.

Siku ya kwanza dagaa mmoja. Siku ya pili dagaa mmoja. Siku ya tatu Mamba akakitazama chombo kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. "Chombo chenye dagaa mmoja," akasema, "mbona kimezama mpaka mabegani?" Akapanda, akafunua mfuniko, akaona.

"Mwizi! Korongo, njoo umwone mwizi!"

Korongo akaja polepole, mguu mmoja, halafu wa pili. Akachungulia tunduni.

"Cha juu cha Mamba, cha chini cha Buku. Hawa wako chini."

Waliokuwapo dikoni wakacheka, ila nusu nusu, kwa kuwa meno ya Mamba yalikuwa yanaonekana. Jioni ile watoto saba walikula sato mpaka wakasinzia na miiba mkononi. Mama Saba alikaa tu akiwatazama, na alifurahi sana.

Lakini mwenye tamaa hakosi neno la kesho. Kulipokucha Mamba akamwita.

"Buku, mkataba mpya. Cha juu changu, cha chini changu."

"Na mimi, Mzee?"

"Wewe chukua kisicho juu wala chini."

Buku alijua akikosea neno moja watoto wanarudi kwenye mchuzi wa ngama.

"Kisicho juu wala chini ni mfuniko, Mzee."

"Mfuniko! Kaukaange basi! Korongo, umesikia?"

"Nimesikia. Cha juu cha Mamba, cha chini cha Mamba, mfuniko wa Buku."

"Na hizo hila zako za kuficha nimezichoka," akasema Mamba. "Panua tundu, bomoa na kuta za ndani. Kesho naingia mwenyewe."

Amri ya mkubwa haipingwi. Kreke-kreke! Akapanua tundu. Kreke-kreke! Akabomoa kuta. Mfuniko mpya akauchonga wa mninga, unene wake shibiri nzima, na komeo lake nene vilevile. Mamba alimwona akiuchonga, akamwambia, "Pamba mali yako, pamba."

Kesho yake Buku akarudi na samaki tele, wote chini. Mamba akaingia. Kikaingia kichwa, likaingia tumbo, ukaingia mkia. Akataka kufungua mdomo, aseme ngaa, mbao za juu zikamkatalia. Akataka kugeuka, mbao za ubavuni zikamkatalia. Huku juu mfuniko, pu! Komeo, kacha!

"Buku! Fungua!" Sauti ilimtokea puani.

"Nifungue nini, Mzee?"

"Mfuniko!"

"Mfuniko wa nani?"

Mkia ukagonga ubao, tu, tu, haukuwa na pa kuzungukia.

"Korongo! Sema neno!"

Korongo akafikiri, au akajifanya anafikiri.

"Mfuniko ni wa Buku. Cha chini ni cha Mamba. Aliye chini namwona ni Mamba. Basi kila mmoja amepata chake."

Buku akapiga kasia, chubwi, chubwi, mpaka ng'ambo, kwenye kisiwa cha viboko wenye watoto wachanga, ambao hawapendi mgeni mwenye meno. Akatoa komeo, akajitosa majini. Mamba akatoka, viboko wakampokea. Mapokezi yenyewe Korongo hakunisimulia, alisema yalikuwa marefu. Buku akakirudia chombo chake, akaenda nyumbani na samaki. Mamba hakuonekana tena dikoni. Na mpaka leo, mamba akiota jua huacha mdomo wazi, maana hapendi tena kitu chochote kifungwe.

Hadithi yangu imefika ufukweni. Mwenye samaki ashuke naye, asiye naye ashuke na miguu yake.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msifiche chakula. Mkubwa akiuliza mna nini, mwambieni yote, mpeni na funguo, hapana aliyewahi kulala njaa kwa kusema kweli. Na wewe unayechungulia chini ya kitanda changu, inuka. Sufuria ile ni kuukuu, haina kitu, na harufu hiyo inatoka kwa jirani.